Ujumbe Niliomficha Mume Wangu

Mshauri wangu, naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi, maana nakuandikia mchana huu nikiwa nimejifungia chumba cha kushonea, kila baada ya muda nazungusha cherehani bure ili mume wangu aliyeko sebuleni adhani nafanya kazi, na kusema kweli tangu juzi sijashona hata mshono mmoja ulionyooka.

Nashona sare za shule, mume wangu ni fundi friji, tuna miaka ishirini na miwili ya ndoa na watoto wawili ambao wameshajitegemea. Mwaka jana kaka yake mkubwa alifariki kwenye makao ya wagonjwa bila mtu wa kumsemea, na tangu hapo mume wangu akajiandikisha kuwa mtetezi wa kujitolea wa watu wazima wasioweza kujitetea, yaani waliopooza, wenye ulemavu wa akili, wazee waliosahau hata wao ni nani, wale wanaoamuliwa kila kitu na wengine. Anakaa nao mpaka ajue wanataka nini, halafu anakwenda kwenye vikao kulisema hilo kwa niaba yao. Aliniambia ni saa tatu kwa wiki. Nikasema sawa, saa tatu ni nini? Mshauri, zile saa tatu zilizaa. Kwanza ilikuwa Jumamosi asubuhi, yakaja mafunzo ya Alhamisi, yakaja mafaili ya kusoma juu ya meza ninayokatia vitambaa, zikaja simu wakati wa kula, na siku ya harusi ya binti wa dada yangu nilikaa na mkoba wangu kwenye kiti chake, ndugu wakiniuliza shemeji yuko wapi, nami nikisema anakuja, anakuja, mpaka viti vikaanza kukusanywa.

Hayo yote ningeyavumilia kama si Dada Redio. Ni mwanamke wa miaka arobaini hivi, alipata kiharusi, mkono mmoja haufanyi kazi na maneno yanamtoka moja moja kwa shida, na wenzake wa makao anakoishi wamempa jina hilo kwa sababu haachi kiredio chake, hata bafuni anaingia nacho. Nyumbani kwangu ikawa kila siku Dada Redio kasema hivi, Dada Redio leo kacheka, Dada Redio hapendi kufungiwa dirisha. Roho ikawa inaniuma, nikaona bora nikamwone huyo mwanamke kwa macho yangu, nikachukua miwani ya mume wangu aliyoisahau iwe kisingizio, nikaenda.

Niliwakuta barazani kwenye viti vya plastiki, hawakuniona. Sijui nilitegemea kuona nini, labda wameshikana mikono, hapo ningejua pa kuanzia. Hakukuwa na kitu kama hicho. Yule dada alikuwa anatafuta neno, midomo inamtetemeka, na mume wangu ametulia tuli, hamsaidii, hamkatizi, hatazami simu, anamwangalia tu usoni. Nilihesabu kwa saa ya ukutani, dakika nne nzima, ndipo neno likatoka, nalo lilikuwa "ubavu". Kumbe wanamlaza kwa ubavu unaomuuma. Mume wangu akasema polepole, "Hutaki kulazwa upande wa kushoto. Nimekuelewa sawa?" Naye akaitikia kwa kichwa, uso umemchangamka. Mshauri, mimi huyu mume amekuwa akinimalizia sentensi tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, tena ananimalizia vibaya, nikianza tu kusema nilikuwa nafikiria, yeye keshajibu hapana. Nilirudi na miwani yake mkononi huku nalia barabarani, na nikajikuta nawaza, Mungu anisamehe, kwamba labda nami nikipooza nitasikilizwa.

Sasa kosa lenyewe. Jumatatu mume wangu akiwa anaoga simu yake iliita, nikapokea. Alikuwa binti wa mapokezi wa yale makao, ambaye siku zote ananiita mama kwa adabu, akasema kikao cha Dada Redio hakitakuwa tena Ijumaa, kimewahishwa, ni kesho saa nne asubuhi, tafadhali nimwambie baba. Nikasema nitamwambia. Nikaifuta ile simu, nikarudi kwenye cherehani. Ni kwa sababu Jumanne hiyo alikuwa ameniahidi kunisindikiza kununua vitambaa, mara ya kwanza baada ya miezi minne, na tulikwenda kweli, akanibebea majora mawili begani, tukataniana dukani kama zamani, nikafurahi, na hilo ndilo linalonitesa, kwamba nilifurahi.

Kikaoni hakukuwa na wa kumsemea. Kaka yake Dada Redio alisema dada yake hana kipingamizi, na kwa kuwa mwenyewe hakuwahi kutamka kitu wakaandika ameridhia kuhamishiwa makao mengine, saa tano kwa basi, mbali na mwenzake wa chumbani ambaye ndiye pekee anayemwelewa haraka. Kuna siku kumi na nne za kupinga, na tano zimeshapita. Mume wangu anaamini hakupewa taarifa, ameandika malalamiko dhidi ya yule binti, na binti amesimamishwa kazi huku akiapa kwamba alizungumza na mimi. Mume wangu aliniuliza mara moja tu. Nikakana. Akaniamini.

Nikisema nitampoteza, nikinyamaza sijui nitamtazamaje. Nifanye nini? Na je, ni dhambi mke kumtaka mume wake?

Mshonaji

*

Mama mshonaji,

Muda wa kupinga ulikuwa unakwisha na gazeti hili hutoka mara moja kwa wiki, kwa hiyo niliipiga namba uliyoiandika nyuma ya bahasha saa ileile nilipomaliza kusoma. Umeniruhusu niyaeleze tuliyozungumza, nami nayaeleza kwa ajili ya wengine wenye simu walizozifuta.

Ulitaka nikuruhusu kungoja kidogo. Nilikukatalia. Nilikwambia uende sebuleni useme kwamba ulipokea simu na ukaficha, basi. Usitaje harusi wala wivu wako, maana ungekuwa unamwomba radhi huku unamshitaki.

Ulinipigia kesho yake. Mume wako hakukufokea. Alichukua funguo, akasimama mlangoni, akakuuliza, "Na yule binti ulimwacha asimamishwe?" Ukavaa viatu ukamfuata. Kwa mkuu wa makao ulisema yote mbele ya yule binti aliyeitwa asikie, naye hakukuangalia. Amerudi kazini, kikao kitarudiwa Jumanne ijayo, na mpaka hapo Dada Redio hahamishwi chumbani kwake. Kwa hilo nakupongeza. Kwa yaliyotangulia nakulaumu, tena sana: mwanamke asiye na ulimi wa haraka alikuwa na mtu mmoja wa kumsemea, ukamficha dukani kwa ajili ya majora mawili. Dada Redio hakukuibia chochote. Mume wako ndiye aliyekunyima, na yeye hujawahi kumwambia.

Baba fundi, najua unasoma, mkeo ameapa kukuwekea gazeti mezani. Unafanya kazi njema, na umeifanya kwa saa za watu wawili bila kumuuliza wa pili. Mwambie mratibu wako agawe baadhi ya mafaili kwa wengine. Na mkeo akifungua mdomo, mwache amalize.

Mama, umenieleza mume wako sasa analala chumba cha watoto. Usimharakishe. Kwa Dada Redio nenda akikubali kukupokea, bila zawadi, ukamwombe radhi mwenyewe, kwa sababu aliyekosewa ni yeye.

Umeniuliza pia kwenye simu kama umtake aache kabisa. Hapana. Ukimlazimisha achague atakuchagua wewe, halafu mtakaa mezani kila siku na watu aliowaacha. Kumtaka mume wako si dhambi, ila mtake waziwazi. Kikao kikiisha, hasira zikipungua, mwombe Jumapili. Jumapili nzima, kila wiki, simu imezimwa. Na usiiombe kwa kulia. Idai, ni yako.