Walinificha Msiba wa Mama, Sasa Chuo Kinaniona Mwongo

Mpendwa mshauri Bi Elena, naomba msaada wako, lakini nakuomba usinionee huruma kabla hujafika mwisho, maana huruma nimepewa na kila mtu wa Koboko anayefika hapa na haijanisaidia kitu.

Mimi ni kijana wa Koboko, nasomea ualimu chuoni hapa Arua. Baba yetu alikuwa askari, hatunaye tangu nikiwa mdogo, kwa hiyo tulilelewa na mama pamoja na mdogo wake baba, mzee Zubeiri, ambaye ndiye mlezi wangu hata kwenye karatasi za chuo. Sasa mwaka jana, wiki ya mtihani, Jumatatu nilifanya hesabu na Jumanne Kiingereza, na kalamu ilikuwa inakwenda yenyewe, nikasema safari hii nitawaonyesha. Jumanne ile jioni dada yangu mdogo, Kaltumu, akaja langoni, ameshuka kwenye lori la Koboko, amevaa gauni lake la Idi, amebeba kisra, ile mikate yetu myembamba, na samaki mkavu. Nikamuuliza mbona macho mekundu, akasema, "Ni vumbi ya njia tu." Nikamuuliza mama je, akasema, "Mama iko salama. Anakusalimia. Anasema wewe usome tu." Nikamega ile kisra palepale nikasema aa, mkono wa mama haufichiki, naye akaitikia ndiyo. Nikamtania kwamba anayevaa gauni la Idi siku ya kazi ataolewa kabla mimi sijapata cheti, akacheka. Alicheka, Bi Elena! Na mama walikuwa wameshamzika tangu Jumapili.

Kesho yake mchana nilikwenda sokoni, nilisikia kuna sabuni, maana siku hizo ilikuwa adimu, nikiwa kwenye foleni nikaona Yakani, jirani yetu anayeleta karanga Arua kuuza. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Pole sana ya mama, bwana. Lakini wewe hapana kuja kwa maziko, watu waliuliza sana." Mimi nikajibu nini? Nikajibu, "Asante." Nikabaki kwenye foleni mpaka sabuni ikaisha, nikarudi chuoni mikono mitupu, sikumwambia mtu. Alhamisi ilikuwa sayansi, Ijumaa malezi, na huko malezi walituuliza mwalimu amsaidieje mtoto aliyefikwa na jambo zito nyumbani, nikaandika jina langu na nusu ukurasa, nikakaa nikitazama dirisha mpaka wakakusanya.

Jumamosi mzee Zubeiri akaja na wazee wawili wa msikitini, wote kanzu nyeupe, wamepita vizuizi vyote vya askari barabarani, wakaniketisha, wakasoma Fatiha, na mzee akaanza polepole, "Mwanangu, wewe sasa ni mwanaume." Niambie wewe, Bi Elena, ningewaambia nini watu wazima wale? Nyamazeni, Yakani alishaniambia kwenye foleni ya sabuni? Nikapiga magoti, nikalia kama mtu anayesikia sasa hivi. Nililia kweli, lakini nilijua nalia kwa adabu. Wazee wakasema alhamdulillahi, angalau amemaliza mtihani kwa amani.

Amani hiyo ndiyo inayoniua leo. Matokeo yametoka, hesabu na Kiingereza niko juu, sayansi na malezi ni aibu. Mimi nataka kuhamia chuo kimoja cha Kampala ambako nikimaliza nitafundisha sekondari, na hiyo ndiyo ndoto yangu tangu nikiwa navaa kaptula. Wakaniandikia, eleza alama hizi mbili, na mlezi wako athibitishe. Nikaeleza kwamba nilipata msiba wiki ileile. Mzee Zubeiri naye akawajibu kwamba ni kweli msiba ulikuwapo, lakini mtoto alifichwa mpaka mtihani ulipokwisha, kwa hiyo haukumgusa. Sasa chuo kinasema maelezo yangu na ya mlezi hayapatani, na nisipoyanyoosha kabla ya mwezi kwisha nafasi atapewa mwingine.

Nilimngoja mzee nje ya msikiti wa hapa Arua alipokuja kwa shughuli zake, nikamwambia yote. Akasema, "Ulilia mbele ya wazee, mimi naona na macho yangu. Sasa unataka mimi niseme wewe ulikuwa najua?" Akaenda zake. Najua kinachomtisha. Wajomba zangu, ndugu zake mama, wakulima wa Dranya, walitaka maziko yaningoje, wakasema mtoto wa kiume ndiye ashuke kaburini kumpokea mama yake. Mzee akakataa, akawaapia kwamba anafanya vile ili nisome kwa utulivu. Wakijua kwamba nilisikia sokoni, watamuuliza ulimnyima dada yetu mikono ya mwanawe kwa faida gani? Kwa hiyo heshima yake ibaki, mimi nife njaa ya elimu!

Tangu msiba ule sijakanyaga Koboko. Hata arobaini sikwenda. Kaltumu akija hapa namtuma mtu aseme sipo, kwa sababu nikimwona nasikia tu ile "Anakusalimia" yake. Basi nishauri, niwaandikie Kampala kwamba mlezi wangu ni mwongo? Au niandike barua ya pili mwenyewe na kuweka sahihi yake, maana naijua? Nijibu upesi, moyo wangu umekuwa nyongo tupu.

Mwenye Uchungu, Arua.

*

Mwenye Uchungu,

Pole sana, mwanangu. Walikukosea, na nalisema hapa gazetini ili wazee wengine nao wasome. Mtu hafichwi maziko ya mama yake kwa sababu ya mtihani. Mtihani hurudiwa. Tabia hii imeanza tangu watoto wetu waanze kwenda vyuo, na kila ninapouliza naambiwa ni mapenzi. Mapenzi gani yanayomvisha msichana gauni la Idi akiwa na msiba mbichi?

Haya, hiyo ni sehemu yao. Sasa nikuambie na yako, na usinune.

Mzee Zubeiri hajasema uongo. Amewaandikia Kampala kile ulichomwonyesha wewe, ukiwa umepiga magoti. Kama ni mchezo, walianza wao, lakini na wewe uliingia uwanjani ukacheza vizuri kuliko wote. Naelewa kwa nini. Hata mimi nisingekuwa na ulimi wa kuwakatiza wazee waliotoka mbali na Fatiha mdomoni. Lakini huwezi kumpa mtu machozi ayaamini, halafu ukamwita mwongo kwa sababu aliyaamini.

Na hiyo ya kuweka sahihi ya mzee, shika adabu yako! Unataka kwenda Kampala kusomea ualimu au kusomea jela? Usiniandikie tena upuuzi kama huo.

Sikiliza utakavyofanya. Kwanza mtafute Yakani, huyo ambaye bila shaka unamchukia, maskini, kwa kukupa pole. Yeye ndiye mtu pekee anayejua uliambiwa siku gani. Aandike, au amwandikishe mtu kisha atie dole gumba, kwamba Jumatano alikukuta sokoni akakupa pole ya mama. Halafu panda lori uende Koboko. Usimvizie mzee mlangoni mwa msikiti kama mdai wake. Nenda nyumbani, kaa naye peke yenu, umwambie, "Baba, sikuombi useme nilikuwa najua. Andika unachokijua wewe, siku tuliyomzika, kwamba mlinificha, na siku mliyokuja kuniambia." Hayo yote ni kweli na hayamvunjii heshima. Yaliyobaki utayaeleza wewe na Yakani. Akikataa hata hayo, wapelekee Kampala barua ya Yakani peke yake, na uwaambie mlezi hakujua. Wajomba wa Dranya waachie wazee wenyewe, huo ugomvi si wa kwako kuubeba, na barua ya chuo haisomwi matangani.

Na katika maelezo yako usimlaumu mtu na usilie. Wakubwa wa vyuo wamechoka kusoma vilio. Waonyeshe alama zako zilivyokaa, hesabu na Kiingereza kabla ya Jumatano, sayansi na malezi baada yake. Mtu mwenye macho ataona mwenyewe mahali ulipokatika. Waambie uko tayari kurudia masomo hayo mawili, na useme kwa moyo, maana wanaweza kukukubalia. Wanaweza pia kukukatalia. Mimi sina ufunguo wa chuo cha mtu, na wakikataa utabaki Arua, umalize hapa, watoto wa hapa nao wanahitaji mwalimu.

Sasa Kaltumu. Hapo ndipo uliponiudhi. Mtoto yule alitoka matangani, akafuta uso, akapanda lori, akasimama mbele yako na kisra aliyoipika yeye, akaitikia ukiisifu kuwa ya marehemu. Unafikiri alipenda? Aliamriwa, kama wewe ulivyoshindwa kuwakatiza wazee, naye alishindwa kumkatalia mzee Zubeiri, na yeye ni mdogo kuliko wewe. Alirudi kwenye lori na kicheko kile tumboni, na nyumbani hakuna mama wa kumwambia. Tangu hapo anakuja langoni kwako, unamtuma mtu aseme hupo! Mama mmoja, watoto wawili, na hakuna aliyempa mwenzake pole. Ukifika Koboko, kabla ya mzee, kabla ya hizo karatasi, kaa na dada yako. Mlie, safari hii si kwa adabu ya mtu yeyote.

Halafu uandike hiyo barua. Jambo la mwisho, na hili nalisema taratibu. Barua yako kwangu nimeisoma mara mbili. Umeandika msiba, umeandika maziko, umeandika jambo zito, umemwandika mzee, Yakani, wajomba, mpaka sabuni. Hakuna mahali ulipoandika kwamba mama yako amekufa, na jina lake hukulitaja hata mara moja. Kampala nao nadhani uliwaandikia hivyohivyo, msiba tu, msiba wa nani hawajui. Basi mstari wa kwanza wa barua yako uwe huo. Mama yangu, fulani binti fulani, alikufa. Mimi hilo jina silijui, mwanangu. Liandike wewe.

Bi Elena.