Wimbo wa Neema Jukwaani Makambako

Shikamoo Mama,

Tangu Njombe hadi hapa Makambako baridi haijaniachia, navaa masweta mawili na bado natetemeka. Jana niliimba ule wimbo unaombembelezea mwanangu Neema, kwa gitaa na kinanda. Maneno ya kwetu Manda watu wa hapa hawayajui, basi uwanja mzima ukacheza. Ni mama mmoja tu, muuza viazi, ambaye hakucheza. Alikuwa akiyumba taratibu, mikono nyuma, kama amebeba mtoto. Niliposhuka akaniuliza, "Huyo unayembembeleza umemwacha na nani?" Nikajifanya sijasikia.

Ukiusikia redioni, zima. Mwimbie wewe mwenyewe, polepole, asije akakua akidhani ni wimbo wa kuchezea.

Mpakate kwa niaba yangu.

Mwanao,
Mama Neema