Jeneza la Mama Lilifunguka Njiani

Mheshimiwa Mshauri, kamwene, ndivyo tunavyosalimiana huku kwetu, nakuomba unisaidie, mama yangu mzazi, Dorkasi, alifariki mwezi wa tatu mvua imeshika kwelikweli, nami ndiye mwanawe mkubwa, jeneza likawa juu yangu, nikaenda Njombe kwa fundi Nahumu ambaye mbao zake hushikana hata bila msumari, akataja bei nikaona huyu ananichuna, nikarudi hapa Makambako kwa fundi Manase wa mtaa wetu wa Lyamkena aliyekubali kwa nusu yake, naye alinionya, lazima niseme, alisema, "Kaka, mbao hizi za mlingoti, huu mkaratusi, ni mbichi, nimezipasua juzi tu, misumari haitashika uzito wa mtu, nipe hata mbao mbili kavu za kuweka chini," na mbao kavu nilikuwa nazo, miaka mitatu zinapigwa moshi darini juu ya jiko la mama, lakini nilizitunza kwa milango ya duka langu, nikamwambia piga misumari tu, nani atatazama chini?

Kwenye mteremko wa makaburini ubao wa chini ukaachia. Mama akaanguka matopeni, Mshauri, mbele ya baba na usharika wote, sanda ikafunguka miguu ikaonekana, dada yangu Telesia akavua shuka lake akamfunika. Kwa aibu nikapiga kelele, "Manase ametudhulumu!" Neno hilo likashika. Sasa hakuna anayempa kazi, na mwisho wa mwezi huu jumbe anataka nitoe ushahidi barazani ili Manase ahamishwe kutoka Lyamkena. Baba anasema hatapata usingizi mpaka Manase aondoke. Nikisema kweli, baba atanilaani. Je, nimpe Manase zile mbao kimyakimya, aondoke kwa heri?

Mwana mwenye aibu, Lyamkena

Mwana mwenye aibu,

Pole kwa kufiwa na mama. Kwa mengine sina pole ya kukupa. Wewe bwana! Mama kaanguka matopeni, fundi aliyekuambia kweli anafukuzwa, baba anamchukia mtu asiye na kosa. Hiyo ndiyo nafuu uliyoipata kwa ile nusu bei? Asiye na kitu ningemwelewa. Wewe mbao kavu ulikuwa nazo, ukaona milango ni bora kuliko mzazi!

Kumpa Manase mbao kimyakimya ni kumziba mdomo, usithubutu. Nenda kwake mchana watu wakikuona, umwombe radhi mbele ya mkewe. Siku ya baraza simama, useme alikuonya ukakataa, useme na habari ya mbao za darini. Milango yako aitengeneze yeye, kwa bei atakayoitaja, wala usibishane.

Baba atakasirika. Huenda asikusemeshe mpaka afe, sikudanganyi. Lakini mwambie leo hii. Jina lako nimelificha, ila jeneza lililofunguka Lyamkena ni moja tu, na najua gazeti hili huko husomwa kwa sauti sokoni. Wewe ukisoma haya, na wenzako wanasoma. Funga duka, uwahi kwa baba.