Sahani ya Mama Kando ya Mto

Jumapili, mwisho wa Agosti 2006, Stechford

Mvua inanyesha tangu asubuhi na wala sina kinyongo nayo. Tumerudi juzi kutoka Ufaransa, nguo bado ziko kwenye sanduku, na mimi nimekaa jikoni najiona kama mzazi aliyeozesha. Kumbe ninayejivunia ni mama yangu mzazi.

Baba alipofariki nilimleta Mama kutoka Tanga ili asikae peke yake. Akaja kukaa peke yake huku Birmingham, chumba cha nyuma. Tangu aje hakuwahi kuvuka mlango wa mbele bila mimi kuwa ubavuni. Mwezi wa sita akamwambia mdogo wangu Salim, aliye Dar, amtafutie tiketi ya kurudi. Mimi nikaja kuambiwa baadaye. Nililia, nakiri.

Kwa hiyo mwenzangu wa kazini aliponiazima nyumba ya wazazi wake, kijijini kando ya mto Dordogne, nilikubali kabla hajamaliza kusema. Nilitaka niwe na Mama mahali pazuri kabla hajaniacha. Ndugu walicheka. Mnakwenda kwa nani huko? Hatuna mtu, nikasema. Wakazidi kucheka, maana kwetu likizo ni kwenda kwa watu.

Kijiji chenyewe ni cha kale hasa. Nyumba za mawe zimebanana hadi ukingoni mwa mto, ngazi zimelika katikati kwa nyayo za watu, na wageni wanapiga picha kila kona. Mama hakulitazama hata daraja. Alitazama nyumba ya jirani, akaona nguo kwenye kamba, akaniuliza unga wa dengu tuliokuja nao nimeuweka wapi.

Akakaanga bajia, nikampelekea yule jirani, bibi mmoja aitwaye Odette, mjane kama yeye. Sahani ilirudi siku ya pili, na haikurudi tupu. Ilijaa soseji.

Za nguruwe.

Nilimwambia Mama tuzitupe kimya kimya, tushukuru, yaishe. Akanitazama vibaya. "Ukizitupa leo, kesho ataleta nyingine kwa moyo ule ule. Jirani hadanganywi, mwanangu."

Nikasema basi nitakwenda kumweleza, ingawa Kifaransa changu hakivuki salamu. Nilipokuwa natafuta viatu, Mama alishajitanda kanga yake na kutoka. Peke yake, sahani mkononi, imefunikwa kitambaa.

Nilisimama dirishani nikichungulia. Nikamwona anaweka mkono kifuani, anatikisa kichwa, anaonyesha mbinguni. Kisha akakunja mikono akapiga mbawa kama kuku. Mama yangu huyu, anayeona haya kumsalimia hata mwenye duka la hapa kwenye kona! Bibi Odette alicheka mpaka akaegemea mlango. Halafu naye akapiga mbawa, wakaingia ndani.

Alipokawia nilimfuata. Niliwakuta wamekaa kwenye ukuta wa mtoni wanamenya maharage, kila mmoja anaongea lugha yake bila kumsubiri mwenzake. Mama akanitambulisha kwa Kiswahili, na yule bibi akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa yote. Jioni tulikula mayai aliyotupa.

Siku zilizobaki nilikuwa mtoto wa Mama tu, nafuata nyuma. Hadi muuza mboga alimjua. Niliona fahari, na nikaona na aibu kidogo, kwa sababu mwaka mzima nilikuwa nikimwonea huruma.

Jana Salim akapiga simu. "Dada, nibuku hiyo tiketi ya Mama, au vipi?" Mama akaichukua simu, akamwambia asubiri kwanza, bado hajawajua majirani. Kisha akanigeukia: huyu wa ukuta huu anaitwa nani? Tumepakana miaka minane, tunaishia kwenye hello. Mama akasonya, akaenda kuroweka ukwaju.

Leo baada ya adhuhuri amejitanda, kachukua bajia na chatini yake, kakataa mwavuli na kunikataa na mimi.

Kuta za nyumba hizi ni nyembamba. Miaka yote hiyo nimekuwa nikisikia televisheni tu upande ule. Sasa hivi nasikia vicheko viwili, na kimoja ni cha mama yangu.