Taa ya Kijani

Mwanangu,

Miguu imevimba, uji haupiti, na feni ya hapa wodini inakwaruza usiku kucha. Nimesikia umekataa kumpa mwanao jina la babu yake, ati alijiua kwa pupa. Ndiyo maana nakuandikia.

Siku ile karakanani tulijaribu gurudumu zito la mtambo. Baba yako alitaka tupime muda wa kila mzunguko, mmoja mmoja. Mimi nilileta saketi yangu ya kupima kasi, inayojifunga kwenye mapigo ya gurudumu na kwenda nayo sambamba.

"Kaka, hili linapiga mayowe," aliniambia.

"Taa ya kijani inawaka, imeshajifunga. Wewe kahesabu mayai sokoni."

Alicheka, akainama kulisikiliza. Nikaongeza kasi.

Saketi ilikuwa imejifunga kwenye kila pigo la pili, ikasoma nusu tu ya kasi halisi. Gurudumu likapasuka. Kipande kilimpasua kifua kikatoboa ukuta nyuma yake. Damu yake iliniingia mdomoni, na kwa mdomo huohuo nikawaambia wakubwa kwamba yeye ndiye aliyeongeza kasi. Taa ilikuwa bado inawaka.

Mkono ulikuwa wangu, mwanangu. Mpe mtoto jina lake.

Ni mimi, baba yako mkubwa