Matundu Niliyoyaziba

Mashimoni, Kibera,
Nairobi.
Alhamisi, 8 Mei 2025

Mpendwa kaka yangu Oyoo,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo? Mgongo umeacha kukusumbua, na hilo joto la Doha limekuachia hata nyama kidogo mwilini? Sisi tu wazima. Mama magoti yanamsumbua msimu huu wa mvua, lakini bado anatembea mwenyewe hadi Makina kununua mboga, na ukijaribu kumshikia kikapu anakufokea. Mwanangu Audrey ameng'oka meno mawili ya mbele, siku hizi anacheka mdomo umefungwa.

Utashangaa kupata karatasi badala ya ujumbe wa simu. Jirani yetu Wakoli anarudi huko kesho, nimempa omena wako, wale dagaa unaowapenda, na barua hii. Haya siwezi kuyaandika kwenye grupu ya familia. Mama atayasoma, halafu hatalala.

Ni kuhusu gari la Ng'ang'a, yule mwenye ploti ya Kawangware ninapofanyia kazi yangu ya bodi za magari. Alinunua gari la kuunga mwenyewe. Bodi ya faiba na vipande vyote vilikuja kwenye makasha, tukaviunga mwaka mzima juu ya chesisi ya gari kuukuu. Ni la binti yake, Valerie. Gari jekundu, zuri, limelala chini kama paka anayewinda. Taa zake zimezama ndani ya fenda na kufunikwa kwa plastiki angavu, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Kila mvua iliponyesha, maji yaliingia.

Nikaapa kuyakomesha. Unajua tulivyolelewa. Sisi watoto wa mabati yanayovuja tukiona tundu, mkono unatafuta lami wenyewe. Nilizungusha gundi ya silikoni kwenye ukingo wa vifuniko vyote viwili, kisha nikaona matundu mawili madogo chini ya kila taa. Nikasema, kumbe adui alikuwa huyu! Nikayaziba, nikayapapasa kwa kidole, nikajipongeza.

Juzi nikaona ukungu ndani ya plastiki. Nikaongeza silikoni. Jana maji yakawa yanacheza chini ya balbu, na Ng'ang'a akaniuliza kama taa ziko sawa. Kaka, nilimwambia ni kavu kabisa. Nilimwogopa. Yule mzee alimfukuza fundi wa rangi kwa mkwaruzo mmoja tu, mikebe yake akaitupa barabarani, na mimi sina mahali pengine pa kufanyia kazi.

Leo asubuhi Valerie akaondoka nalo kwenda Naivasha, mvua imeshika. Saa nzima ilikuwa imepita wakati Irungu, fundi wa nyaya wa kibanda cha pili, aliponipitia.

"Akeyo, zile shimo za chini ya taa uliacha wazi?"

"Nilifunga zote."

"Ulifunga? Sasa maji itatokea wapi?"

Irungu akanieleza kwamba taa ikiwaka hewa ya ndani hupata moto, ikipoa huvuta unyevu, na unyevu hugeuka maji. Yale matundu ndiyo yalikuwa mlango wake wa kutokea. Mimi niliyafungia maji humo humo pamoja na nyaya. Na kule Kinale, njiani kwenda Naivasha, msimu huu ukungu hushuka mchana kweupe, malori hayakuoni kama huna taa.

Nikampigia Valerie mara nne. Hakushika. Nikajiambia labda taa zitavumilia, nikajiambia labda ameshafika, na yote nilijua ni uongo. Mwishowe nikaenda kwa Ng'ang'a, Irungu akinifuata, nikamweleza kila kitu, hata kwamba nilimdanganya jana. Shavu lilimcheza.

"Piga tena," akasema. "Weka loud."

Safari hii Valerie alishika, sauti yake tukaisikia sote, na hakunipa nafasi ya kufungua mdomo.

"Akeyo, please usiambie dad. Taa zimezima zote tangu Limuru, nadhani ni mimi nimeharibu kitu. Fog ni mbaya huku, lakini naenda tu polepole."

Nikapiga kelele atoke barabarani, aingie kituo cha kwanza cha mafuta, na kwamba kosa ni langu, si lake. Akaanza kulia. Baadaye akasema ameshaegesha.

Nilingoja Ng'ang'a anirukie. Hakunirukia. Alichukua ufunguo wa pikapu, akafika mlangoni, akageuka.

"Kwani mimi ni mtu wa kuogopwa hivyo?"

Nikatazama chini. Irungu naye akatazama chini. Mzee akatoka kwenye mvua kumfuata mtoto wake.

Mama na Audrey wanakusalimu sana. Nisalimie binamu Austine, mwambie ampigie mamake. Mungu akutangulie kazini na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Dada yako akupendaye,
Akeyo