Mguu Unaopona Siku ya Kliniki

Mshauri wetu, pokea salamu zangu, na za baba watoto ambaye yuko hapa anajifanya amelala, na za mama mkwe, na za mapacha wadogo, na za binti yangu mkubwa, msusi, ambaye ndiye kisa cha barua hii, naomba unisaidie maana nimechoka jamani. Binti ana baridi yabisi, asubuhi nyayo hazikanyagiki, anatoka kitandani ameshika ukuta, na kazi yake ni ya kusimama, huko saluni wenzake wanamwita Kikongwe, lakini tukifika kwa daktari mguu unatulia, daktari anabonyeza haoni uvimbe, na nyumbani mama mkwe anasema si nilisema ni uvivu. Mimi sipendi mwanangu aingie kwa watu anachechemea, kwa hiyo siku ya kliniki namkanda kwa maji ya moto tangu alfajiri, nampa na vidonge vyangu vya mgongo, anakwenda amenyooka. Sasa daktari anataka apigwe altrasaundi ya miguu. Mimi najua altrasaundi ni ya wajawazito, mguu una mimba gani? Na binti amegoma, ameniambia, “Mama, na picha nayo ikisema sina kitu, nitalilia wapi?” Miadi ni Alhamisi, nijibu upesi.

JIBU

Mama, salamu zimefika, baba watoto mwambie aamke. Lakini wewe nawe. Unaukanda mguu mpaka unanyamaza, unampa vidonge ambavyo hakuandikiwa, halafu unashangaa daktari haoni kitu? Kumbe shahidi wa mama mkwe ni wewe. Najua ni mapenzi, ila yanamponza mtoto.

Altrasaundi si ya mimba tu. Mtaalamu anapaka jeli ya baridi, anapitisha kifaa juu ya mguu, na kwenye skrini anaona ndani ya viungo, hata uvimbe ambao kidole cha daktari hakiupati. Na ikitoka safi, haina maana binti ni mwongo. Daktari ataendelea kutafuta.

Alhamisi hakuna kukanda, na vidonge vyako vifungie kabatini. Dawa za hospitali, kama ameandikiwa, asiache. Yote uliyompa mweleze daktari kwa mdomo wako mwenyewe, usimwachie mtoto. Mama mkwe nenda naye, na wakikubali aingie, akae karibu na skrini. Binti avae ndala, umwache achechemee mpaka ndani. Kisha tuletee habari haraka, na sisi huku hatujatulia.